Kilo Zinazokula Farasi

Ng'oa siti ya nyuma ya Corolla KE70, kunja zulia, na chini yake utakuta mabamba meusi yamegandamana na bati la sakafu kama ukoko chini ya sufuria. Ni lami. Kiwandani iliwekwa ili bati lisitetemeke na kelele ya barabara isiwafikie abiria. Siku ya joto huwezi kuibandua, inanata tu kwenye patasi. Mafundi wanaoijua kazi hii huifunika kwa barafu kavu, ile yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, wakiwa wamevaa glavu na milango yote iko wazi. Baada ya dakika chache lami imekuwa ngumu kama kigae. Unaigonga kwa nyundo, inapasuka, vipande unavikusanya kwenye ndoo. Kisha unajaribu kuinua ile ndoo kwa mkono mmoja, na ndipo unaelewa gari hili limekuwa likipandisha nini kwenye kila kilima kwa miaka 40.

Wengi wetu tukitaka gari la zamani likimbie zaidi, fikra inakwenda kwenye injini. Mimi naona tuanze na mizani. Chukua gari la kilo 900 lenye nguvu za farasi 75: kila farasi anavuta kilo 12. Punguza kilo 90, mzigo wa kila farasi unashuka hadi kilo 10.8. Ukitaka kufika hapo kwa njia ya injini, itakubidi uongeze farasi zaidi ya wanane, na hao hawaji bure: kuna kabureta, kemshafti, eksosi, petroli ya ziada na joto la ziada. Tena farasi hao watakusaidia pale tu unapokanyaga mafuta. Kilo iliyotoka inakusaidia hata unapoachia.

Unapofunga breki, mwendo wote wa gari hugeuzwa kuwa joto. Gari likipungua uzito kwa asilimia 10, joto hilo nalo linapungua kwa asilimia 10 kwa mwendo uleule, na anayeteremka mlima Kitonga na breki za ngoma anajua hiyo ina maana gani. Kwenye kona, tairi lina tabia moja ambayo wengi hawaijui: ukiliongezea mzigo mara mbili, mshiko wake hauongezeki mara mbili, unaongezeka pungufu ya hapo. Ndiyo maana gari jepesi lenye matairi yaleyale hukata kona likiwa limetulia zaidi. Halafu kuna suala la mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takribani asilimia 15. Injini ya kabureta isiyo na tabo inaishiwa pumzi kwa kiasi kinachokaribia hicho. Farasi uliowanunua kwa gharama pwani, baadhi yao wanabaki njiani. Kilo ulizoziacha gereji hazikufuati popote uendapo.

Walioifanya kazi hii kwa uchungu wa kweli ni Porsche. Oktoba 1972, kwenye maonyesho ya magari ya Paris, walileta 911 Carrera RS 2.7 yenye nguvu za farasi 210. Ilikuwa na sura mbili, moja ya starehe na moja nyepesi, zote kwa injini ileile, lakini uzito ukipishana kwa takribani kilo 100. Kwenye ile nyepesi siti za nyuma hazikuwepo, saa ya dashibodi ilitolewa, zulia, vioo na bati vikafanywa vyembamba, na mlango ulifunguliwa kwa kuvuta utepe. Hata nembo ya chuma ya mbele ilitolewa ikabandikwa stika. Nembo ile ina gramu chache tu, lakini aliyeitoa alikuwa ameshaelewa kwamba kilo 100 hazikai mahali pamoja. Zimetawanyika gari zima, na njia pekee ni kuzifuata zilipojificha. Ili gari likubaliwe kwenye mashindano yalihitajika 500. Yakatengenezwa 1,580.

Kwa gari lako, kilo za magurudumuni ndizo zenye thamani kubwa. Gurudumu linasogea mbele huku linazunguka, hivyo kilo moja iliyo ukingoni mwake hukaribia kuhesabika kama mbili injini inapojaribu kuondoka. Gurudumu zito pia likidunda kwenye shimo huchelewa kurudi chini, na tairi lililo hewani halina mshiko. Rimu nyepesi za alumini huja kwanza. Zinafuata kilo za juu, mfano keria ya paani, kwa sababu ndizo zinazolilaza gari kwenye kona.

Hapa kwenye KE70 pana mtego. Injini iko mbele, magurudumu yanayosukuma yako nyuma, na vitu rahisi kung'oa vyote viko nyuma: siti, tairi la akiba, zulia la buti. Ukivitoa hivyo tu, mkia unakosa mshiko wakati wa kuondoka, na magurudumu ya nyuma hujifunga mapema ukibana breki. Hamishia betri kwenye buti, ifungwe imara, mizani irudi. Tairi la akiba mimi nisingeliacha nyumbani kwa safari yoyote ndefu. Na mikanda, nguzo za bodi, vyuma vya ndani ya milango na chasisi haviguswi. Fundi anayetoboa chasisi ili kupunguza gramu anakuondolea kile kitakachosimama kati yako na lori.

Waliokimbia mashindano ya Safari Rally walijua kilo zipi zitoke na zipi zibaki. Mwaka 1974 Joginder Singh alishinda kwa Lancer 1600 GSR ndogo, Björn Waldegård akamaliza wa pili kwa Carrera RS. Hata hivyo, magari ya Safari yaliongezewa chuma cha kukinga injini na vifaa vya kupambana na wanyama na tope, kilo zilizorudishwa kwa hiari mahali zinapohitajika.

Ukimaliza kazi, rudi nyuma hatua chache uliangalie gari kwa ubavu. Litakuwa limeinuka. Springi zilizozoea mzigo wa zamani sasa zina kazi ndogo, na nafasi kati ya tairi na bodi imeongezeka kiasi cha kupitisha vidole. Usilishushe kwa kukata springi kwa gasi, moto huo huua chuma chake. Tafuta springi za uzito mpya, kisha uwashe.