Ditekta ya dhahabu na mzee wa kijijini: fahamu inachosikia kabla hujauza ng'ombe

Katika maeneo ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa si ajabu kumwona mtu akitembea polepole shambani, amevaa vipokea sauti masikioni, akipitisha juu ya ardhi fimbo yenye sahani ya mviringo kwenye ncha. Hiyo ndiyo ditekta, mashine inayolia inapopita juu ya chuma, shaba, fedha au dhahabu.

Kazi hii inawavutia wazee, na sababu yake inaeleweka. Mtu wa miaka 65 hawezi tena kushuka kwenye duara la mita 20 wala kupiga moko siku nzima. Ditekta inaonekana kama kazi ya kutembea tu. Ndiyo maana wapo wanaofikiria kuuza ng'ombe ili wainunue. Makala haya yanaeleza mashine hii inavyofanya kazi, mahali inapodanganya, umri unavyoathiri kazi yenyewe, na mambo ya kupima kabla fedha haijatoka.

Mashine inasikia nini?

Ndani ya ile sahani kuna nyaya zilizozungushwa mara nyingi. Umeme wa betri ukipita humo, unatengeneza nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Ikikutana na kipande cha metali, nguvu hiyo inaamsha umeme mdogo ndani ya kipande hicho, na umeme huo nao unarudisha sumaku yake juu. Mashine inaupokea mwangwi huo na kuugeuza kuwa mlio masikioni mwako.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, anayejulikana kwa simu, alijaribu kutumia kifaa cha namna hii kutafuta risasi mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani. Hakufanikiwa. Katika Vita Kuu ya Pili, mhandisi kutoka Poland, Józef Kosacki, alitengeneza kifaa cha kubebwa mkononi cha kutafuta mabomu ya ardhini. Mashine za leo za kutafutia dhahabu ni wajukuu wa vifaa hivyo.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba mashine haioni dhahabu. Inasikia metali iliyo karibu. Kipande cha dhahabu cha ukubwa wa punje ya mchele kinasikika kikiwa chini kwa sentimita chache tu. Cha ukubwa wa maharage kinaweza kusikika chini zaidi kidogo. Ni vipande vikubwa tu vinavyosikika kwa kina kikubwa. Mwaka 1980 huko Australia, Kevin Hillier alipata kwa ditekta kipande chenye uzito wa zaidi ya kilo 27. Hata hicho hakikuwa mbali. Kilikuwa karibu na uso wa ardhi.

Haisikii nini?

Hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha. Dhahabu nyingi inayochimbwa kwenye miamba ya Kanda ya Ziwa ni ya vumbi. Imetawanyika ndani ya jiwe kwa chembe ambazo mara nyingi jicho halizioni. Jiwe la namna hiyo linaweza kuwa na dhahabu ya kutosha kulipa gharama za karasha na mwalo, lakini ditekta ikapita juu yake kimya. Kinacholia ni kipande kizima kilichojikusanya. Kwa hiyo mashine kunyamaza haina maana kwamba eneo halina dhahabu, na mashine kulia haina maana kwamba dhahabu ipo.

Vivyo hivyo kwa nikeli. Wakazi wa Dutwa wamesikia kwa miaka mingi habari za nikeli iliyoko huko. Nikeli hiyo iko ndani ya udongo na mawe kama madini ghafi, si vipande vya metali. Ditekta haiwezi kukuonyesha ilipo.

Jihadhari pia na vifaa vinavyouzwa kwa maelezo kwamba vinaonyesha hazina iliyo mita mia moja mbele au chini. Mara nyingi ni antena mbili zinazozunguka mkononi. Sumaku ya kifaa kinachobebwa mkononi haifiki huko. Anayekuuzia kifaa hicho anauza matumaini.

Ardhi yetu na kelele zake

Wasukuma wana majina yao ya udongo, na majina hayo yana faida hapa. Kwenye luseni, udongo wa kichanga wa kwenye miinuko, mashine hutulia na mlio husikika vizuri. Kwenye mbuga, udongo mweusi unaonata, kuchimba ni kazi ngumu wakati wa mvua, na kiangazi unakauka na kupasuka. Mahali penye mawe mekundu yenye chuma, mashine inaweza kupiga kelele kila hatua. Hapo hulazimika kupunguza makali yake, na ukiyapunguza unapoteza vipande vidogo.

Halafu kuna takataka za binadamu: misumari, vizibo vya soda, vipande vya jembe, vichwa vya betri, waya, karatasi za sigara. Dhahabu ndogo na kipande cha bati vinaweza kutoa mlio unaofanana. Mtafutaji mwenye uzoefu huchimba vyote, kwa sababu akiruka mlio mmoja akidhani ni msumari, huenda ndio uliokuwa wenyewe. Ukikaa wiki nzima ukichimba vizibo, usidhani umelogwa. Kazi yenyewe ndivyo ilivyo.

Hapa mzee ana jambo ambalo kijana hana. Anakumbuka kijiji kilikuwa wapi kabla watu hawajahamishwa, korongo lilipita wapi kabla halijabadili njia, na mvua ipi ilifumua mchanga. Dhahabu ni nzito, hivyo maji yakiibeba huiacha kwenye kona za makorongo, nyuma ya mawe na kwenye nyufa za mwamba. Anayejua maji yalikopita miaka 40 iliyopita anajua pa kuanzia.

Masikio, mgongo na magoti

Mashine za kutafutia dhahabu zina uzito wa kilo 2 hadi zaidi ya 3. Si mzigo mkubwa kwa dakika kumi. Kuipeperusha kwa saa nne kwa mkono mmoja ni jambo jingine. Bega linaanza kuuma, kisha shingo, kisha mgongo. Na kila mlio maana yake ni kuinama, kuchimba, kupekua udongo na kusimama tena. Kwa siku moja unaweza kuinama mara hamsini.

Masikio ni tatizo linalojificha. Kadiri umri unavyokwenda, wengi hupoteza kwanza uwezo wa kusikia sauti nyembamba za juu. Kipande kidogo cha dhahabu hakipigi kelele. Hubadilisha kidogo tu ule mlio wa chini unaosikika muda wote. Mzee anaweza kupita juu yake bila kujua. Akiongeza sauti sana ili asikie, anayaumiza masikio yaliyobaki. Macho nayo yana sehemu yake, maana kipande kilichochimbuliwa kinatakiwa kionekane kwenye udongo wa rangi ileile.

Yapo yanayosaidia:

- Tumia mkanda wa begani unaobeba uzito wa mashine, na badilisha mkono mara kwa mara.
- Kama mashine inaruhusu, shusha mlio uwe mzito, badala ya kuongeza sauti.
- Anza alfajiri na maliza kabla jua halijawa kali. Beba maji.
- Piga goti moja juu ya gunia lililokunjwa badala ya kuinama kwa kiuno.
- Usiende peke yako, na waambie wa nyumbani unakokwenda.
- Kama una kifaa cha kusaidia moyo mwilini, muulize daktari kabla ya kushika mashine yenye sumaku.

Njia nzuri kuliko zote ni kwenda wawili: babu anachagua mahali na kusoma ardhi, mjukuu anasikiliza na kuchimba. Kubalianeni mapema namna ya kugawana, hata kama ni ndugu wa damu. Ugomvi wa dhahabu huanza siku dhahabu inapopatikana.

Raha yake iko wapi?

Uingereza na Marekani, wastaafu wengi hutembea na ditekta kwenye fukwe za bahari kutafuta sarafu na pete zilizopotea. Wengi hawapati hata fedha ya betri, lakini wanaendelea. Wanapenda kutembea asubuhi, utulivu, na ule moyo kudunda mlio unapobadilika.

Simiyu nayo ina ufukwe, kule Busega kwenye Ziwa Victoria. Lakini ziwa halina kujaa na kupwa kama bahari, kwa hiyo mchanga haufumuliwi kila siku ukaleta vitu vipya. Kwenye mialo ya samaki utasikia zaidi misumari ya mitumbwi, ndoana na vipande vya risasi vya nyavu. Pia kuna kichocho, na kuna mamba na viboko. Usiingie majini kwa ajili ya mlio.

Raha nyingine ni kuokota historia. Sarafu za rupia za enzi za Wajerumani zilianza kutolewa mwaka 1890. Mwaka 1916, vita vilipokuwa vikiendelea, Wajerumani walitengeneza Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa kutumia dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Singida. Hizo zipo kweli na watoza sarafu wanazitafuta. Lakini kutoka hapo kufika kwenye simulizi za masanduku ya dhahabu yaliyofukiwa chini ya kila mti mkubwa ni safari ndefu. Akija mgeni anayejua "mali ya Mjerumani" ilipo, na anachohitaji ni mchango wako tu wa kuichimbua, mwage.

Sheria inasemaje?

Kuwa na shamba si kuwa na madini yaliyo chini yake. Sheria ya Madini inakataza kutafuta au kuchimba madini bila leseni. Leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa Watanzania. Fika ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa mkoa uulize kama eneo lina leseni ya mtu mwingine kabla hujaingia. Omba ruhusa ya mwenye shamba au mwenye ngitili, na serikali ya kijiji ijue. Usithubutu kuingia na mashine ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti au Pori la Akiba Maswa.

Dhahabu iuzwe kwenye soko la madini au kituo kinachotambulika, ambako mizani inakaguliwa na mrabaha unakatwa kihalali. Ukikuta vitu vya kale, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka utoe taarifa.

Na fukia kila shimo. Ng'ombe wa jirani akivunjika mguu, mlio huo utakugharimu.

Kuna jambo kubwa zaidi kuhusu mashimo. Mlio mzuri huvuta watu, watu huchimba, na shimo la jembe linageuka duara. Januari 2024, zaidi ya watu 20 walifariki dunia baada ya kufukiwa na kifusi katika machimbo ya Ng'alita, wilayani Bariadi, wakati wa mvua kubwa. Ditekta ni ya vitu vya juu. Ikishakulazimu kuingia mwili mzima shimoni, acha. Hapo panahitaji leseni, nguzo na mkaguzi, na vijana wasishushwe humo kwa sababu ya mlio wa babu.

Kabla hujauza ng'ombe

Mashine mpya yenye nguvu inaweza kuzidi Sh milioni 10. Fanya hesabu hii: gawanya bei ya mashine kwa bei ya gramu moja sokoni siku hiyo. Kwa mfano wa hesabu tu, mashine ikiwa ni Sh milioni 12 na gramu Sh 200,000, unahitaji gramu 60 ili urudishe fedha yako, kabla ya chakula, nauli, mgao wa mwenye shamba na makato ya sokoni. Jiulize ni nani kijijini kwenu amepata gramu 60 kwa ditekta, na kwa muda gani.

Kisha jaribu hivi. Tafuta mwenye mashine, mlipe kwa siku au mkubaliane mgao, mtembee naye wiki moja. Mwambie afukie kipande kidogo cha metali bila wewe kuona, uone kama masikio yako yanakisikia. Mwili ukikataa siku ya tatu, utakuwa umejua kwa gharama ndogo. Ukiamua kununua, kumbuka mashine bandia zipo, hata zenye majina makubwa kama Minelab. Dai risiti, na ijaribu ardhini mbele ya muuzaji.

Ng'ombe walioko zizini wanazaa, wanakamuliwa, na mmoja anauzwa mjukuu akifaulu shule. Mashine ikikaa ndani kwa sababu bega limegoma, haizai. Mzee anayeijua ardhi anaweza kuingia kazi hii kwa kumbukumbu zake, na mashine ikawa ya kukodi.