Nyumba Njema si Mlango: Tarakilishi na Mahitaji ya Msingi Bungoma na Kitale

Swali la iwapo serikali yafaa kutumia fedha za umma kununua tarakilishi, ilhali wananchi wanakosa maji, dawa na chakula, limezua mjadala mkali nchini Kenya kwa miaka mingi. Wapo wanaoiona tarakilishi kuwa ufunguo wa maendeleo. Wapo pia wanaoiona kuwa anasa ya wenye shibe. Makala haya yanachukua mifano ya Bungoma na jirani yake Kitale, makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, ili kueleza ni lini matumizi hayo huwa na manufaa na ni lini huwa ubadhirifu.

Kabla ya kuendelea, ni vyema tufafanue dhana ya mahitaji ya msingi. Nchini Kenya dhana hii haikuachiwa hisia za mtu binafsi. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inaorodhesha haki za kila mtu: afya ya kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa, makazi, chakula, maji safi, hifadhi ya jamii na elimu. Tarakilishi haimo katika orodha hiyo. Haikukatazwa, lakini ni chombo tu, na chombo hupimwa kwa jinsi kinavyomfikisha mwananchi kwenye haki zilizotajwa.

Tuutazame mwaka 2013. Mnamo Juni 1 serikali ilitangaza kwamba akina mama wangejifungua bila malipo katika hospitali za umma. Siku chache baadaye, bajeti iliyosomwa Bungeni ilitenga shilingi bilioni 17.4 kwa mradi wa vipakatalishi vya wanafunzi wa darasa la kwanza. Kabla ya mwezi huo kwisha, walimu walianza mgomo uliodumu takriban majuma matatu, wakidai marupurupu waliyoahidiwa tangu mwaka 1997. Kisha, mwezi Agosti, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma mjini Bungoma. Licha ya tangazo la Juni, alikuwa amelazimika kujinunulia pamba na dawa.

Mwezi Machi 2018, Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki na utu wa mama huyo vilikiukwa, ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Mahakama ilizilaumu serikali ya taifa na ya kaunti kwa kutotenga raslimali za kutosha na kwa kutosimamia utekelezaji wa huduma hiyo. Uamuzi huu unatufunza kwamba haki za Ibara ya 43 zinaweza kudaiwa mbele ya hakimu. Ahadi ya kipakatalishi haina nguvu hiyo.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuitupia tarakilishi lawama zote. Zabuni ya vipakatalishi ilifutwa mwaka 2014, na mradi ulipofufuliwa mwaka 2016 kwa vishikwambi, shule nyingi za msingi zilikuwa zimeunganishiwa umeme kwa ajili yake. Umeme huo ni faida iliyobaki hata pale vifaa vilipofungiwa kabatini. Aidha, mkasa wa Bungoma ulijulikana nchini kwa sababu ulinaswa kwenye video. Wala kununua vifaa vya kawaida si kinga dhidi ya ubadhirifu: mwaka 2015 Kaunti ya Bungoma ilivuma kote kwa kununua wilibaro kumi, kila moja kwa shilingi 109,320.

Mfano wa pili unawahusu wakulima wa mahindi wa Kitale na Bungoma. Kuanzia mwaka 2022 serikali iliwasajili wakulima katika mfumo wa kidijitali, nao wakawa wanapokea ujumbe wa simu wa kuchukua mbolea ya ruzuku kwenye maghala, yakiwemo ya Bodi ya Nafaka na Mazao. Mpango huu ulikuwa na manufaa, kwani mwaka 2023 bei ya mfuko wa kilo 50 ilishushwa hadi shilingi 2,500. Lakini mwaka 2024 ilibainika kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kupitia mpango huo ilikuwa na mbolea ghushi. Mfumo ulilijua jina la mkulima na ukubwa wa shamba lake; haukujua kilichomo ndani ya mfuko. Kazi hiyo ilihitaji mkaguzi mwaminifu na maabara. Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Kutokana na mifano hii, tunapendekeza maswali matatu kila tarakilishi zinapotengewa fedha. Je, zitamfikisha nani kwenye haki ipi? Je, watu na vifaa vinavyozikamilisha, kama vile wauguzi, walimu na wakaguzi, wamelipiwa? Je, mwananchi anaweza kuyahoji matumizi hayo?

Swali la mwisho linatuhusu sisi wapenzi wa Kiswahili moja kwa moja. Nyaraka za bajeti na zabuni aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Mama wa Kanduyi na mkulima wa Saboti hawawezi kuhoji wasichokielewa. Kuzifasiri nyaraka hizo kwa Kiswahili sanifu na chepesi ni kazi ambayo vyama vyetu vinaweza kuianza bila kusubiri tarakilishi hata moja kutoka serikalini.