Chanjo ya Mama Mjamzito na Kinga ya Kichanga Dhidi ya Kifaduro

Kina mama wanaohudhuria kliniki za wajawazito, wawe wakazi wa kata ya Manundu mjini Korogwe au wa vijiji vya Handeni, wana haki ya kujua sindano wanayochomwa inamkinga mtoto na ugonjwa gani. Wengi huamini kwamba sindano ya ujauzito hukinga magonjwa yote ya utotoni. Kwa kifaduro, sivyo. Tunaeleza hapa sababu yake, na jinsi ya kuziba pengo hilo.

Hatari ya kifaduro

Kifaduro husababishwa na bakteria wanaoshambulia njia ya hewa, na huenea kwa kikohozi. Mtoto mkubwa hukohoa mfululizo, kisha huvuta pumzi kwa mlio. Kichanga huenda asitoe mlio huo kabisa; huweza kuacha kupumua kwa muda, na midomo na ulimi vikageuka rangi ya buluu. Vifo vingi vya kifaduro huwapata watoto walio chini ya miezi mitatu.

Kinga ya mama humfikiaje mtoto?

Mama anapochanjwa, mwili wake hutengeneza kingamwili, yaani askari wa kupambana na ugonjwa husika. Kingamwili hizo hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto, hasa katika miezi ya mwisho ya ujauzito. Mwili wa mama huhitaji takriban wiki mbili ili kuzitengeneza za kutosha. Kinga hiyo ni ya kuazima: hupungua kadiri miezi inavyopita, na mtoto hulazimika kujenga yake mwenyewe.

Sindano ya kliniki zetu

Chanjo ya kawaida kwa wajawazito nchini Tanzania hukinga pepopunda pamoja na dondakoo. Haina kinga ya kifaduro. Isidharauliwe kwa sababu hiyo, kwani pepopunda huweza kumuua kichanga kabla hajafikia umri wa kuchanjwa. Mwaka 2012 Tanzania Bara ilithibitishwa kuwa imeondoa pepopunda ya kina mama na watoto wachanga, na chanjo ya mama ilichangia sana mafanikio hayo.

Uzoefu wa nchi nyingine

Baada ya mlipuko wa kifaduro, Uingereza ilianza Oktoba 2012 kuwapa wajawazito chanjo yenye kinga ya ugonjwa huo. Uchunguzi uliofuata ulikadiria kwamba chanjo hiyo ilizuia takriban visa 9 kati ya 10 kwa watoto walio chini ya miezi mitatu.

Jambo moja lilizua mjadala. Watoto wa mama waliochanjwa huweza kutengeneza kingamwili pungufu kidogo wanapopata dozi zao za kwanza, kwa kuwa kinga ya mama hupunguza mwitikio wa mwili wao. Hata hivyo Uingereza imeendelea na mpango huo, kwa kuwa humlinda mtoto katika wiki ambazo kifaduro huua zaidi. Nako pia, chanjo ya mama haiondoi haja ya chanjo za mtoto.

Tunashauri

1. Kamilisha chanjo ya pepopunda kwa tarehe zilizoandikwa katika kadi yako. Muulize muuguzi jina la chanjo na ugonjwa inaoukinga.

2. Mpeleke mtoto kupata chanjo ya Penta akiwa na wiki 6, 10 na 14. Chanjo hii, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2009, ndiyo yenye kinga ya kifaduro. Wiki ya sita hutimia siku ya 42, yaani siku mbili tu baada ya arobaini. Arobaini ikiisha, safari ya kwanza ya mtoto iwe ya kliniki.

3. Ukienda kujifungulia kwa wazazi wako, beba kadi. Chanjo hutolewa katika kituo chochote cha umma, na chanjo za ratiba ya taifa hazilipiwi.

4. Ukichelewa, nenda hata hivyo. Mtoto haanzi upya. Huendelea na dozi iliyofuata.

5. Mwenye kikohozi asimbebe kichanga, hata akiwa bibi, shangazi au jirani aliyekuja kutoa pongezi. Mwombeni kwa heshima asubiri apone.

6. Kichanga akikohoa mfululizo, akishindwa kunyonya, akiacha kupumua au akibadilika rangi, mwahisheni kituo cha afya au Hospitali ya Magunga bila kungoja asubuhi.

Kati ya kuzaliwa na wiki ya sita mtoto wetu hana kinga ya chanjo dhidi ya kifaduro. Katika kipindi hicho hulindwa na watu wa nyumbani. Baada yake, kwa kila dozi inayotolewa kwa wakati.