Ndoo za Tokaimura

Asubuhi ya Septemba 30, 1999, katika kiwanda cha kampuni ya JCO huko Tokaimura, Japani, wafanyakazi wawili walikuwa wakijaza tangi kwa mkono. Mmoja aliinamia tundu la tangi, ameshika faneli. Mwenzake alimimina kimiminika cha urani, sehemu ya saba na ya mwisho. Saa nne na dakika 35 wakaona mwanga wa buluu, ving'ora vikalia.

Walikuwa wamewasha kinu cha nyuklia bila kukusudia.

Nyutroni ikigonga kiini cha urani, kiini hupasuka, kikatoa joto na nyutroni nyingine mbili au tatu, nazo zikapasua viini vingine. Katika mtambo wa umeme wa nyuklia, fimbo za boroni au kadimiamu humeza nyutroni za ziada, na joto hugeuza maji kuwa mvuke wa kuzungusha mashine. Aliyewahi kupika kwa mkaa anajua kwamba kaa moja likitengwa huzimika, yakirundikwa yote hushika. Urani nayo hutegemea wingi na umbo la chombo. Katika tangi refu na jembamba nyutroni nyingi hutorokea ubavuni; katika tangi pana hubaki humo humo zikipasua.

Tangi jembamba lilikuwepo. Ila bomba lake la kutolea lilikuwa karibu na sakafu, kazi ya kujaza chupa ikawa taabu. Tangi pana lilikuwa rahisi zaidi. Kikomo chake kilikuwa kilo 2.4 za urani. Siku hiyo ziliingia takriban 16.6, tena urani iliyorutubishwa kwa asilimia 18.8, ilhali mitambo mingi ya umeme hutumia ya asilimia 3 hadi 5.

Ripoti nyingi huliita tukio hili kosa la kibinadamu, na wasomaji tukafikiria mikono ya wale wawili. Mimi neno hilo linanikera. Ndoo za chuma zilizotumika kuyeyushia urani zilikuwa zimeandikwa katika mwongozo wa kampuni yenyewe, mwongozo ambao serikali haikuuidhinisha. Watu wale hawakufundishwa ipasavyo hatari ya kurundika urani mahali pamoja. Walichofanya ni kuongeza njia ya mkato juu ya njia ya mkato waliyoikuta.

Ndani ya tangi, mfululizo ule wa viini kupasuana haukukoma. Tangi lilizungukwa na maji ya kupoza, na maji yale yalirudisha ndani nyutroni zilizokuwa zikitoroka. Wakazi wapatao 310,000 waliambiwa wasitoke nje. Usiku, wafanyakazi wengine wa JCO waliingia kwa zamu za dakika chache, huku mionzi ikiwapiga, wakavunja bomba na kuyatoa maji hayo. Kisha ikamiminwa tindikali ya boroni. Takriban saa 20 zilikuwa zimepita.

Aliyeshika faneli aliishi siku 83 hospitalini, ngozi yake ikishindwa kujijenga upya. Mwenzake alifariki Aprili 2000. Msimamizi wao, aliyekuwa chumba cha pili, alinusurika.

Mwaka 2003 mahakama ya mji wa Mito iliwatia hatiani watu sita wa JCO, akiwemo msimamizi huyo. Vifungo vyote viliahirishwa. Kampuni ilitozwa faini ya yeni milioni 1.