Muziki wa Bure Kando ya Bahari: Swali Nililolijibu Nikivaa Viatu



Sisi tulio Voi hatuna bahari. Tuna mto ambao muda mwingi wa mwaka ni mchanga mtupu, tuna Sagalla mbele ya macho yetu, na anayetaka kuona maji mengi hana budi aende Taveta kwenye Ziwa Jipe au Chala, ama ateremke kilomita 150 hivi hadi Mombasa. Ndiyo maana shule zinapofungwa mwezi wa Agosti watoto wetu huteremka, baadhi yao kwa basi, baadhi kwa treni ya reli mpya iliyoanza kazi mwaka 2017, wakafikia kwa shangazi na mama wadogo zao. Na wakishatua mizigo, mahali pa kwanza wanapopaulizia ni Mama Ngina.

Kwa asiyepajua, ni ile bustani iliyo ukingoni mwa mlango wa Kilindini, hatua chache kutoka kivuko cha Likoni, ambapo enzi za Mwingereza barabara yake ikiitwa Azania Drive. Wenyeji wengi mpaka leo hupaita Laitihausi. Mibuyu yake ni mikongwe kuliko sote. Serikali ilipakarabati, na tarehe 20 Oktoba 2019 sherehe za Sikukuu ya Mashujaa zikafanyika hapo. Siku za mapumziko, jua likishapoa, watu hufurika: pana madafu, kachiri za muhogo, mabuyu na viazi vya karai, na mara kwa mara pana vijana na vipaza sauti vyao, wakipiga muziki hadharani bila ya kumtoza msikilizaji hata senti.

Basi ilikuwa likizo moja ya Agosti, siku ya Alhamisi, baada ya darsa ya kina mama. Nilikuwa nimeshasimama mlangoni nikivaa viatu. Mama mmoja akanijia akaniambia, “Sheikh, binti yangu wa miaka kumi na sita yuko kwa mama yake mdogo huko Mombasa. Anataka kwenda na wenzake Mama Ngina Jumapili jioni, kuna muziki wa bure. Nimwambie nini?” Nikamjibu, “Mwambie asiende. Muziki ni haramu, na pale pana mchanganyiko.” Akashukuru, nami nikaenda zangu.

Binti alikwenda. Alimwambia mama yake mdogo kwamba anakwenda kwa rafiki yake kusoma. Katika msongamano alipotezana na wenzake, na mkoba wake uliokuwa na nauli ukapotea. Simu alikuwa nayo mkononi. Hakuipiga. Alikaa karibu na kivuko tangu baada ya Magharibi hadi karibu saa nne za usiku, kwa kuwa kupiga simu kulimaanisha kukiri kwamba ameasi. Muuza kachiri mmoja, mama mtu mzima, Allah amlipe kheri, alipokuwa akifunga biashara yake ndiye aliyemwona akilia, akaichukua ile simu na kumpigia mama yake mzazi huku Voi.

Juma lililofuata yule mama alinijia tena. Hakunilaumu. Alisema tu, “Sheikh, tulimwambia asiende. Hatukumwambia akishakwenda afanye nini.”

Neno hilo lilinikosesha usingizi. Si kwamba fatwa niliyoitoa haikuwa na asili. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, ala za nyuzi zimekatazwa na walio wengi katika maulamaa, na hivyo ndivyo nilivyosomeshwa tangu nikiwa mtoto wa chuoni. Sijabadilika katika hilo. Lakini nilisema “muziki” kana kwamba ni kitu kimoja, nami najua kuwa sicho. Dufu arusini halina ubishi. Nai, yaani filimbi, Imam Rafii aliiruhusu na Imam Nawawi akaikataza, na hawa wawili ndio nguzo za madhehebu yetu. Imam Ghazali katika Ihya alitenga kitabu kizima kuhusu kusikiliza, akapambanua baina ya sauti, maneno, mahali na moyo wa msikilizaji. Na sote twaijua ile hadithi sahihi ya mabinti wawili walioimba nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi, Sayyidna Abubakar akawakemea, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamtaka awaache kwa kuwa ilikuwa siku ya furaha. Tena Wahabeshi walipocheza kwa mikuki yao msikitini, Mtume ndiye aliyemsitiri Bibi Aisha akitazama, wala hakumharakisha mpaka aliposhiba mwenyewe. Maneno haya yote nilikuwa nayo kifuani siku ile ya Alhamisi. Nilichokosa ni subira ya kuketi tena.

Nikaamua kwenda nikaone kwa macho yangu, nami nikamchukua mke wangu. Tulifika baada ya Alasiri, Jumapili. Nilichotarajia nilikiona: vijana waliokaribiana kupita kiasi, na wimbo mmoja ambao maneno yake yalinifanya nitazame chini. Lakini niliona na nisichokitarajia. Niliona familia chungu nzima, kina mama waliovaa mabuibui yao wameketi juu ya mikeka, watoto wakizunguka mibuyu, mzee wa makamo yangu akimlisha mjukuu wake dafu kwa kijiko. Wengi wao hawakuwa wakisikiliza hata huo muziki. Walifuata upepo. Mwenye uwezo ana hoteli za Nyali na Diani. Mwenye vyumba viwili na watoto sita ana Mama Ngina. Kumwambia mama wa namna hiyo asikanyage pale kwa sababu kuna kipaza sauti ni kumfungia mlango wa mahali pekee anapoweza kuwapeleka wanawe bila ya kufungua mfuko.

Adhana ya Magharibi ilipoadhiniwa nilitafuta msikiti nikaingia. Haukuwa na sehemu ya wanawake. Mke wangu alitandika kanga yake nyuma ya mbuyu, akaelekea kibla, na watu wakipita mbele yake. Nilipotoka nikamkuta anakunja kanga. Hakusema kitu, nami sikuwa na la kusema.

Njiani tukirudi Voi nilikuwa nikifikiri juu ya Lamu. Kwani ni nani atuambiaye kwamba mkusanyiko wa bure, wa wazi, wenye sauti na shangwe kando ya bahari ni jambo la Wazungu? Habib Swaleh, bwana aliyetoka Ngazija akaweka makazi Lamu, ndiye aliyewakusanya wageni na wanyonge waliokuwa hawana nafasi katika darsa za wakubwa wa mji, akawasomesha, na akasoma nao Maulidi ya Habshi kwa matari. Baadhi ya wazee wa mji walichukizwa. Kwao lilikuwa jambo zito kupigwa matari msikitini. Leo Msikiti wa Riyadha ndio unaoujaza mji kila Mfungo Sita. Watu hutoka Mombasa, Malindi, Zanzibar, Ngazija na hata kwetu huku bara. Pana zefe, pana goma la wazee waliovaa kanzu na kushika bakora, pana kirumbizi, pana mashindano ya punda na ya majahazi, na mji mzima hushuka kutazama, wanawake na watoto wao. Hakuna tikiti. (Wale wasemao kwamba maulidi yenyewe ni bidaa wananijua, nami nawajua, leo si zamu yao.)

Unguja nayo ina Forodhani. Bustani ile ilifanywa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub, na ndani yake kikawekwa kibanda cha bendi, watu wakisikiliza huku pepo za bahari zikiwapuliza. Ilikarabatiwa ikafunguliwa upya mwaka 2009. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, lina tikiti kwa maonyesho yake makubwa ndani ya Ngome Kongwe, ila lile gwaride la ufunguzi hupita mitaani bure, na mtoto wa Kiislamu wa Mji Mkongwe huliona kutoka barazani kwao atake asitake. Jamaa zetu walio Marekani ni vivyo hivyo: mjini Boston, tangu mwaka 1929, Arthur Fiedler alipoanza kupiga muziki wa bure kandokando ya mto Charles, kila msimu wa joto watu hutandika mashuka majanini wakasikiliza. Mzazi wa Kiswahili aliye kule naye huulizwa na binti yake swali lile lile. Hana sheikh mlangoni avaaye viatu. Huamua peke yake.

Basi sasa nikiulizwa, huvua viatu nikaketi. Huuliza kwanza: ni muziki gani, na waimbaji ni akina nani? Kasida na matari si sawa na nyimbo za matusi, na mzazi asiyejua tofauti aende akasikilize kabla ya kuhukumu. Huuliza: anakwenda na nani? Binti wa miaka kumi na sita kwenda na wenzake watupu, usiku, mji si wake, hilo bado nalikataza, lingekuwa hata darsa. Lakini humwambia mama: nenda naye wewe. Nendeni Alasiri, mkae upande wa bahari mbali na vipaza sauti, mkishaswali Isha muwe njiani. Yakianza maneno machafu inukeni pamoja, na umweleze kwa nini mmeinuka, kwa upole, mkitembea. Nauli ya kurudi isikae katika mkoba. Ifungwe penye pindo la nguo kama walivyofanya bibi zetu.

Na liko jingine ambalo kina baba wengine wamenikasirikia kwalo. Humwambia mzazi amwambie mwanawe, kabla hajasafiri: hata ukiwa umekwenda nilipokukataza, ukikwama piga simu, nami usiku huo sitakuuliza lolote ila mahali ulipo. Mzee mmoja aliniambia kwamba huko ni kumpa mtoto ruhusa ya kuasi. Nilimwomba aende akakae Likoni saa nne za usiku, kisha tuzungumze.

Agosti iliyopita yule mama alikwenda Mama Ngina na binti yake, ambaye sasa ni mkubwa, pamoja na wadogo zake wawili. Alipopita kunisalimia aliniambia kuwa walifurahi, na kwamba walibeba kanga mbili, moja ya kukalia na moja ya kuswalia. Kisha akauliza, “Sheikh, na ule msikiti, bado hauna mahali petu?”

Nimewaandikia barua wazee wa msikiti ule, nikawaeleza idadi ya kina mama nilioiona siku ile na mahali mke wangu alipotandika kanga yake. Hadi naandika haya sijapata jibu. Mwezi ujao, inshaallah, nitateremka nikawaone wenyewe.