Kisu cha kukunja: Michirizi ya Damascus au bapa la kawaida?

KISU cha kukunja cha mapambo ni bidhaa inayompa raha mfanyabiashara wa kuvuka mpaka. Ni kidogo, hakiozi, hakivunjiki njiani, na dazeni kadhaa huingia kwenye boksi moja. Wateja wake ni watalii, watu wanaotafuta zawadi ya harusi au ya kustaafu, na wale wanaopenda tu kitu kizuri mfukoni.

Lakini anayeagiza kwa jumla hukutana na swali moja mapema: achukue visu vyenye bapa la kawaida linalong’aa, au vile vyenye michirizi kama mawimbi ya maji, vinavyoitwa vya chuma cha Damascus? Vya pili huuzwa ghali zaidi. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama mtaji utazunguka au utalala kwenye rafu.

Jina la zamani, chuma kipya

Panga za Damascus zilizopata sifa karne nyingi zilizopita zilifuliwa kwa chuma kilichoyeyushwa kwenye vyungu huko India na Sri Lanka. Hata pwani yetu ilikuwa katika biashara ya chuma ya bahari hiyo. Mwanajiografia al-Idrisi, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1154, alieleza kuwa watu wa Malindi walichimba na kuuza chuma. Ufundi wa zile panga za kale ulififia kati ya karne ya 18 na ya 19.

Kinachouzwa leo kwa jina hilo ni kitu kingine. Mhunzi huchukua vyuma vya aina mbili, huvipanga tabaka kwa tabaka, huvipasha moto mkali na kuvigonga mpaka vishikane, kisha huvikunja na kuvigonga tena. Tabaka 7 zikikunjwa mara 5 zinakuwa 224. Bapa likishakamilika, huzamishwa kwenye tindikali. Chuma chenye nikeli hubaki cheupe, kingine huwa cheusi, na hapo ndipo michirizi hujitokeza. Mhunzi wa Marekani, William Moran, ndiye aliyeurudisha ufundi huu sokoni alipoonyesha visu vyake mwaka 1973. Leo vingi vya bei nafuu hutoka Wazirabad, mji wa wafua visu katika jimbo la Punjab, Pakistan.

Michirizi haikati

Hili ndilo jambo ambalo mfanyabiashara anapaswa kulijua kabla ya kulipa. Ukali wa kisu, na muda ambao ukali huo utadumu, hutokana na aina ya chuma, jinsi kilivyopashwa moto na kupozwa, na jinsi kilivyonolewa. Wingi wa tabaka hauongezi ukali. Kisu cha kawaida cha chuma kizuri kinaweza kukishinda cha Damascus kwa kazi yoyote ya nyumbani. Kwa hiyo anayenunua Damascus analipia kazi ya mikono na uzuri. Hilo si kosa, maana hata kanga hainunuliwi kwa uzito wa pamba yake. Kosa ni kumwambia mteja kuwa kinakata kuliko vyote.

Tofauti nyingine ni kutu. Visu vingi vya Damascus vya bei nafuu hufuliwa kwa chuma kinachoshika kutu. Kwenye unyevu na chumvi ya Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar, bapa lililoachwa bila mafuta linaweza kuota madoa likiwa bado dukani. Ala ya ngozi huvuta unyevu, kwa hiyo kisu kisihifadhiwe ndani yake muda mrefu. Kipakwe mafuta mepesi, kifungwe kwa karatasi, kikaguliwe mara kwa mara. Visu vingi vya kawaida, kwa upande mwingine, hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu upesi, na havidai uangalizi wa namna hiyo.

Kutambua cha bandia

Kwa kuwa michirizi ndiyo inayopandisha bei, wapo wanaoichora kwa tindikali au kwa mashine juu ya bapa la chuma cha kawaida. Anza kwa kutazama mgongo wa kisu. Katika bapa halisi michirizi haiishii ubavuni. Hupita mgongoni na kuteremkia upande wa pili. Ikikatika ghafla pembeni, au ikiwa inafanana kabisa kwenye kila kisu cha boksi zima, tia shaka.

Kipimo cha uhakika zaidi ni kuchukua kisu kimoja cha sampuli na kukisugua sehemu ndogo kwa msasa mpaka ing’ae, kisha kuipaka tindikali nyepesi. Michirizi halisi hurudi, ya kuchora haionekani tena. Muuzaji anayekataa kabisa kutoa kisu kimoja cha kujaribu amekwisha kukujibu.

Usisahau mpini na springi. Fungua na kufunga mara kadhaa. Bapa lisicheze, likae katikati linapofungwa, na kifungio kishike. Mteja husamehe bapa lisilo na nakshi, lakini kisu kinachomfunga kidole hukirudisha siku hiyohiyo.

Mpakani

Kwenye forodha, visu vya aina zote mbili huingia katika kifungu kimoja cha ushuru, namba 82.11. Lakini ushuru hukokotolewa kwa thamani, hivyo cha Damascus hulipiwa zaidi kwa kila kimoja. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kisu cha Pakistan au China hakipati nafuu hiyo kwa sababu tu kimenunuliwa Nairobi. Tunza ankara na nyaraka za ushuru uliolipwa kilipoingia.

Mpini wa pembe ya ng’ombe, mfupa au mti ni salama zaidi. Pembe ya ndovu usiiguse, kwani biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989. Epuka pia visu vinavyofyatuka kwa kitufe; nchi kadhaa zimevikataza, Uingereza ikiwamo, na mtalii anaweza kunyang’anywa akifika kwao. Mkumbushe kila mteja anayesafiri kwa ndege kuweka kisu kwenye begi la mizigo, si la mkononi. Na kabla ya kupeleka mzigo nchi usiyoizoea, muulize wakala wa forodha sheria ya visu ya huko.

Hesabu ya mtaji

Chukua mfano huu: kisu cha kawaida unakipata kwa Sh 8,000 na cha Damascus kwa Sh 32,000. Mtaji wa Sh 320,000 utakupa 40 vya kwanza au 10 vya pili. Kimoja cha kawaida kikiharibika umepoteza sehemu moja ya 40. Kimoja cha Damascus kikiota kutu, sehemu moja ya 10 imekwenda, hata kabla ya kodi na nauli.

Kwa anayeanza, busara ni kufanya bapa la kawaida kuwa msingi wa biashara na kuongeza visu vichache vya Damascus vilivyojaribiwa, kwa ajili ya duka lenye wateja wa zawadi. Uza kila kimoja kwa jina lake. Mnunuzi wa jumla wa upande wa pili wa mpaka akigundua umemuuzia michirizi ya kuchora, hutapoteza kisu kimoja tu, utapoteza oda zake zote zijazo.