Kimakua, Lugha Iliyohifadhi N Ndani ya Pumzi

Mkazi wa Ziwani, kwenye pwani ya Mtwara, akienda sokoni mjini anaweza kusikia binadamu akitajwa kwa namna nne. Kwa Kiswahili ni mtu, kwa Kimakonde munu, kwa Kiyao mundu, na kwa Kimakua muthu. Hiyo th si ile ya thelathini. Ni t inayotoka na pumzi. Weka kiganja mbele ya mdomo, utaihisi.

Katika lugha mama ya Kibantu, shina la neno hilo lilikuwa na n na t zilizoshikana. Katika Kimakonde n ilibaki peke yake. Kiyao kiliighunisha t ikawa d. Kimakua kiliidondosha n, ila mahali pake pakabaki mpumuo.

Tena mpumuo huo una kazi kubwa. Mp ya kale iligeuka ph, yenye pumzi. Mb ikageuka p kavu, ndiyo maana nyumba ni enupa. Lahaja nyingi za Kimakua hazina b, d wala g za asili, na bado tofauti ya zamani kati ya mp na mb haikupotea: pumzi ndiyo inayoibeba. Nayo t iliyokuwa peke yake ikawa r, hivyo tatu ni raru. Mtoto aliyekulia katika lugha hii akisema "papa" akimaanisha baba, asichekwe darasani. Anafuata mfumo uliopangika barabara, na mwalimu anayeujua atamsaidia vizuri zaidi.

Kiswahili cha pwani nacho kimepita njia hiyo. Wazee wa Mombasa hutamka paa la nyumba bila pumzi, na paa wa porini kwa pumzi. Kadhalika kaa la moto na kaa wa baharini. Maandishi yetu sanifu hayaonyeshi tofauti hiyo, na kwangu hiyo ni hasara.

Kimakua kina sharti jingine la ajabu: shina moja halivumilii mipumuo miwili. Ikikutana, wa kwanza hupotea. Wanaisimu huiita Kanuni ya Katupha, kwa jina la José Katupha, mwanaisimu wa Msumbiji. Huko ng'ambo ya mto Ruvuma, Kimakua huandikwa kwa ph, th na kh, na msomaji huiona pumzi kwenye karatasi.